Mishono Iliyolala Kushoto

Jioni hiyo Fundi alivuka kwenda kwa jirani kuchukua mzigo wa nguo, mtoto mgongoni. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku mbili na udongo ulikuwa umelainika. Alitaka akirudi tu alime tuta la pembeni mwa ua kabla giza halijamkuta.

Fundi ni jina alilopewa kwa kazi yake. Alishona mablanketi ya viraka, na hakuweza kutupa kitambaa hata kikiwa kidogo kama sikio la paka. Chini ya kitanda alikuwa na makopo manne: la vitambaa vyekundu, la vya buluu, la maua maua, na la nne la vile vizuri mno ambavyo hakuwa na moyo wa kuvitumia. Mume wake, mpaka rangi, alizoea kusema kwamba ipo siku ataamka akute na yeye amekatwakatwa na kutiwa kwenye kopo.

Jirani aliitwa Madamu. Hakuwa mwalimu, ila ukisimama mbele yake ulijiona kama mtoto aliyesahau daftari nyumbani.

"Umechelewa," alisema mlangoni, akisukuma fuko kwa mguu. "Magauni saba. Nataka blanketi moja kubwa, la kitanda changu. Jumamosi."

"Jumamosi hii, dada? Leo Jumanne."

"Hii hii. Wageni wanakuja. Au nitafute fundi mwenye mikono miwili?"

Fundi akafungua fuko. Harufu ikamfikia kabla ya rangi.

Karafuu.

Yalikuwa magauni ya Bibi, mama mkwe wa Madamu, aliyefariki msimu wa baridi uliopita. Bibi alipenda kushonea punje za karafuu kwenye pindo, nondo wasile. Ndiye aliyemfundisha Fundi kushika sindano. Na Fundi alipojifungua, hana hata wa kumchemshia maji, Bibi alikuja kila asubuhi na chupa ya uji wa moto, akasema, "Nilikuwa napita tu kusalimu." Hakukuwa na njia ya kupita pale. Nyumba ya Fundi ilikuwa ya mwisho.

Bibi alitumia mkono wa kushoto. Mishono yake ililala kushoto, kama majani yaliyopigwa na upepo. Na uzi hakuukata kwa mkasi. Aliung'ata kwa meno.

"Na lile blanketi lake la viraka?" Fundi akauliza taratibu.

"Nilichoma hata kabla hajafa. Lilikuwa linanuka uzee."

"Alilipenda sana..."

"Alipenda vingi. Jumamosi, Fundi."

Fundi akitoka alipitia nyuma, palipokuwa na stoo. Huko ndiko Bibi alikohamishiwa chumba chake kilipopewa wageni. Komeo la mlango lilikuwa kwa nje. Chini ya mlango, usawa wa mtu aliyeketi sakafuni, rangi ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye mbao.

Fundi hakuuliza. Alikumbatia fuko akaongeza mwendo.

Kuna jambo moja Bibi alikuwa akilirudia mpaka linachosha. "Nguo aliyojishonea mtu haikatwi, mjukuu wangu. Inafumuliwa. Aliyeshona bado ameshika kila tundu la sindano. Mfungue vidole, kimoja kimoja, atakuachia. Ukikata bila kufumua, umemkata mtu."

Fundi alikuwa akifuata hilo siku zote. Lakini magauni saba kuyafumua ni kazi ya wiki nzima, na mtoto alikuwa akiota meno, hataki kuwekwa chini. Alhamisi mchana alikuwa hajamaliza hata gauni moja. Akaangalia magauni. Akaangalia mkasi.

"Nisamehe, Bibi," akasema, akakata.

Kitambaa kikalia. Si ule mlio wa kitambaa anaoujua. Kilikuwa kama mtu anayevuta pumzi kwa kubana meno.

Akasimama kidogo, akasikiliza. Mtoto alikuwa akicheka peke yake kwenye mkeka, akiangalia kona isiyo na kitu. Fundi akaendelea kukata.

Gauni la mwisho lilikuwa la manjano, lenye ndege wa zambarau. Hilo ndilo Bibi alilovaa asubuhi zile za uji. Fundi hakuweza kuliachia lote liende kwa Madamu. Alikata kiraka kimoja, upana wa kiganja, akakishonea katikati ya blanketi dogo la mwanawe. Mabaki ya pindo na nyuzi aliyafukia kwenye tuta, juu yake akapanda maharage ya kutambaa. Bibi alifanya hivyo pia. Pamba imetoka ardhini, alikuwa akisema, irudi ardhini.

Jumamosi akapeleka blanketi. Madamu alilipokea kama anayepokea kosa.

Jumatatu asubuhi mume wa Fundi alikuwa anapiga mswaki uani, akacheka mpaka povu likamtoka.

"Maharage yako yamelewa, mama mtoto. Njoo uone. Yote yameegemea upande mmoja."

Fundi alitoka akicheka. Kicheko kikakatika. Maharage hayakuota alipoyapanda. Yalikuwa yameota kwa vimstari vifupi vifupi, nafasi sawa kati ya kimoja na kingine, yote yamelala kushoto. Vimstari vilitoka kwenye tuta, vikapita chini ya ua, vikaelekea kwenye stoo ya Madamu.

"Ni mvua," mumewe akasema. "Imezihamisha mbegu."

"Ndiyo. Ni mvua."

Jioni ile Madamu alikuja mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amevaa sweta mbili, blanketi limekunjwa kwapani.

"Blanketi lako ni baridi," alisema.

"Blanketi likawaje baridi, dada?"

"Mimi ndiye nakuuliza. Nikijifunika ni kama nimelala kisimani. Wageni wamejifunika shuka tu, wakaamka na jasho."

Akamtupia pembe ya blanketi mapajani. Fundi akaisogeza kwenye mwanga.

Yeye hutumia mkono wa kulia. Mishono yake hulala kulia.

Hii ilikuwa imelala kushoto. Yote. Kuanzia pembe hadi pembe.

Akatafuta mwisho wa uzi kwa vidole. Haukuwa umekatwa kwa mkasi.

"Dada," akanong'ona, "Bibi alikufaje?"

"Usingizini. Si nilishawaambia wote?"

"Dada..."

Madamu aliangalia pembeni. Meno yake yaligongana kidogo. "Kulikuwa na wageni. Yeye anatembeatembea, anaingia kwa watu na lile blanketi lake, anatia aibu. Blanketi nikalichoma. Yeye nikamfungia stoo. Jioni moja tu, Fundi. Aligonga mara tatu, akanyamaza. Nikajua amelala."

Mara tatu.

Fundi aliachia pembe ya blanketi. Alizikumbuka. Jioni ile ya baridi alikuwa ameketi kwenye ngazi yake, amevaa gauni lake la kijani la siku zote, anambembeleza mtoto. Tok. Tok. Tok. Alisema moyoni, bati la watu limelegea. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho. Hakutaka kuinuka.

"Niachie hili blanketi," akasema. "Nitalifumua lote, mshono kwa mshono."

"Ulishindwa kulishona, utaweza kulifumua? Nalitupa stoo, walalie panya." Madamu akalichukua, akaondoka akijisugua mikono.

Kesho yake jioni mume wa Fundi alikuwa bado kazini. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Fundi alikuwa akimvua mtoto viatu aliposikia harufu ikiingia dirishani.

Karafuu...

Akachungulia. Maharage, ambayo asubuhi yalifika kwenye kifundo cha mguu, yalikuwa yamepanda ua mzima na kuteremka upande wa pili. Mashina yalikuwa yamekaza, kama uzi unaovutwa na mtu.

Tok.

Tok.

Tok.

Zilitoka stoo.

Fundi alikaa kitandani. Kila kitu ndani yake kilimwambia afunge mlango, amkumbatie mwanawe, angoje baba mtoto arudi na taa. Ni bati tu. Bati la watu limelegea.

Hapo ndipo aliposimama. Maneno hayo alikuwa ameshayasema mara moja.

Hakuweza kumwacha mtoto nyuma. Alimfunga mgongoni kwa haraka, akamfunika kwa kitu cha kwanza alichokishika asilowe, akatoka mbio kwenye manyunyu. Katikati ya ua ndipo alipotambua alichomfunika nacho. Lile blanketi dogo. Lenye ndege wa zambarau.

Alikuwa ameshachelewa kurudi.

Komeo la stoo lilikuwa limefungwa kwa nje. Mashina ya maharage yalikuwa yamepita kwenye komeo na kwenye kila ufa wa mbao, yametoka na kuingia, yametoka na kuingia. Yote yamelala kushoto.

"Fundi..." Sauti ya Madamu ilikuwa ndogo, inatoka chini kabisa mwa mlango. "Nifungulie. Nimeleta blanketi tu, nikafungiwa. Nasikia baridi."

"Nipo, dada. Nani kakufungia?"

Kutoka ndani ukaja mlio mdogo sana ambao Fundi aliujua miaka yote aliyokaa kushona pembeni mwa Bibi.

Uzi unang'atwa.

Alitoa mkasi mfukoni akakata shina la kwanza. Mengine yote yakakaza kwa pamoja. Ndani Madamu akalia kama aliyebanwa kifua.

*Ukikata bila kufumua...*

Fundi akauweka mkasi chini, kwenye matope, mahali ambapo yeyote aliyesimama pale angeuona. Akaanza kufumua kwa kucha. Shina moja. La pili. Vidole vilikufa ganzi.

"Nisamehe, Bibi," akanong'ona. "Nilikusikia. Jioni ile nilikusikia, nikakaa."

Mtoto akacheka.

Kilikuwa kile kicheko cha kumchekea mtu anayemjua. Alikuwa amegeuza shingo, anaangalia nyuma.

Ndipo Fundi alipohisi vidole mgongoni. Si juu ya mtoto. Vilikuwa kati ya mtoto na mgongo wake, mahali ambapo hata karatasi isingepita. Vidole baridi, vya taratibu, vikipima. Upana wa kiganja. Urefu wa kiganja. Jinsi fundi anavyopima kabla ya kukata.

Hakugeuka. Alitaka kukimbia, akamfikiria mwanawe aliye katikati. Akaendelea kufumua. Machozi yakimdondoka, akafumua hadi shina la mwisho, akavuta komeo.

Madamu alikuwa ameketi nyuma ya mlango, usawa wa ile mikwaruzo. Blanketi lilikuwa limeshonwa kumzunguka kuanzia miguuni hadi kidevuni, limembana kama foronya iliyojazwa pamba kupita kiasi. Macho yalikuwa wazi. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Hapakuwa na mtu mwingine stoo, wala sindano, wala uzi.

Fundi alipiga magoti akamfumua naye, mshono kwa mshono, mpaka baba mtoto alipowakuta.

Madamu hakufa. Siku hizi utamwona mchana wa jua kali, ameketi mbele ya nyumba na sweta tatu, meno yanagongana. Mumewe alirudi kutoka kazi yake ya mbali, akamzungusha kwa madaktari. Wote wanasema mwili hauna kitu. Yeye hasemi. Mkono wake wa kushoto tu ndio haupumziki. Unakwenda juu na chini, juu na chini, unashona hewa. Zamani alikuwa anatumia wa kulia. Fundi humpelekea uji kila asubuhi. Humshikia kikombe, kwa sababu mkono ule hauachi kazi yake.

Usiku ule wa stoo, Fundi alimfungua mtoto akakuta ana joto zuri, mashavu mekundu, utafikiri alikuwa ameota moto. Akalitandika lile blanketi dogo kitandani, akasogeza taa.

Ndege wa zambarau hawakuwepo.

Mahali pao palikuwa na kiraka cha kijani. Mishono ililala kushoto. Akaigusa ncha ya uzi. Ilikuwa bado na mate.

Alivua gauni lake la kijani akaligeuza. Mgongoni, pale mtoto alipokuwa amelaza kifua, palikuwa na tundu la mraba, upana wa kiganja. Limekatwa vizuri, halina hata uzi unaoning'inia.

Tangu siku hiyo mtoto hajawahi kuugua mafua, hata akilala wazi, hata msimu wa baridi watoto wote wa mtaa wakikohoa. Ila Fundi ana mahali mgongoni pasipopata joto. Wakati mwingine mumewe akimgusa hushtuka.

"Hapa pana nini, mama mtoto? Pako kama bati la alfajiri."

"Hamna kitu. Lala."

Hajamwambia. Angemwambia nini? Kwamba Bibi alikuja kuchukua haki yake, kutoka kwa Fundi akachukua kiraka tu, kisha akampa mtoto? Kuna siku anaona amesamehewa. Kuna siku, baridi inapomchoma hadi kwenye mbavu, anaona kwamba kazi ile haijaisha, na kwamba gauni lina mahali pengi pa kukata.

Mlango ukigongwa, yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Hasubiri tok ya tatu. Mara nyingi ni watu. Lakini jioni nyingine, mvua zikianza, husikia tok moja tu, anafungua, na nje hakuna mtu. Ni manyunyu na harufu ya karafuu.

Basi husogea kando, apishe njia.

"Karibu, Bibi," husema.

Kisha husimama hapo ameshika mlango, kwa sababu hajui asubiri muda gani ndipo afunge.