Waya wa Siku Mbaya

Pasi ilikuwa ya moto. Mama wa nyumba aliishika kule stoo aipanguse vumbi, akaiachia ikaanguka, akashangaa, maana waya wake ulikuwa umezungushiwa mpini tangu juzi na hakuna aliyeichomeka popote. Akamwita mumewe aje aone. Mume akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema labda ilipigwa na jua, akarudi kwenye chai yake. Stoo ile haina hata dirisha.

Huyo mume ndiye fundi umeme ambaye mtaa mzima ulimwita Chapchap. Ni jina la sifa, na yeye alilipokea hivyo kifua mbele, kwa sababu nyumba ambayo wenzake wangeitandazia nyaya kwa wiki nzima yeye aliimaliza kabla rangi haijakauka. Siri ya mbio zake ilikuwa moja tu. Kila soketi inataka nyaya tatu, na wa tatu ni wa ethi, ule wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliotoroka ndani ya chombo ili usimpitie mtu. Bila huo wa tatu friji inaganda, redio inaimba, mteja anashukuru. Basi Chapchap aliukata, akaukunja nyuma ya soketi, akafunga kifuniko na kukipangusa kwa leso. Ukikitazama, utampa mkono wa pongezi.

Mwaka huo, kabla ya ile pasi ya stoo kupata moto, mshonaji mmoja alikufa na pasi mkononi, katika nyumba iliyopita mikononi mwa Chapchap. Fundi alikwenda msibani, akakaa na wanaume wenzake, akasema pasi za siku hizi ni feki. Kisha, watu walipokwenda kuzika, alibaki nyuma, akaifungua ile soketi, akaunga waya uliokatwa, akafunga. Hilo ndilo linalonichemsha damu. Alijua kuunga, na alijua upesi.

Alidhani yuko peke yake chumbani. Lakini mshonaji yule alikuwa na jini tangu usichana wake, jini aliyempenda na kukaa naye kila alipokaa kwenye cherehani. Jini akaona soketi ikifunguliwa, akaelewa. Akamfuata fundi nyumbani.

Baada ya pasi ikaja harufu ya kitambaa kilichoungua, mchana kweupe, kwenye nyumba ambamo hapakuwa na kinachopikwa wala kupigwa pasi. Kisha mlio wa cherehani ndani ya ukuta, ukienda, ukisita, ukienda tena. Fundi akasema ni panya. Halafu siku moja binti yao wa pekee, aliyekuwa akisomea ukunga, alikaa sakafuni jikoni akimenya vitunguu na hakuinuka alipoitwa, viganja vyake vikawa vya moto hata maji aliyonawishwa yakatoa mvuke, na mama yake alipomwinua kidevu amtazame usoni alikuta macho yanayomtazama yeye kwa utulivu mkubwa, macho ya mtu mzima asiye mwanawe, huku miguu ya binti ikikanyaga chini, kisigino na vidole, kisigino na vidole, kama anaendesha cherehani isiyokuwepo.

Waliitiwa mganga. Alikuwa mtu wa makamo, hana makeke. Alifukiza ubani, akamsogelea binti, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea," jini alijibu kwa mdomo wa binti. "Namtumia tu. Ningemshika baba yake angekufa siku ileile, na mimi nataka aone."

Mganga aliuliza anataka nini ili atoke. Jini hakutaka kuku wala nguo. Alitaka fundi arudi kwenye kila nyumba aliyokata ethi, aiunge. Na kila akimaliza, binti atavua viatu, atalowesha mkono, atashika pasi au friji ya nyumba hiyo mbele ya baba yake. Kazi ikiwa nzuri, hatadhurika. Zikiisha nyumba, atamwacha.

Chapchap akafanya kazi kama hajawahi kuifanya. Alichimbua kuta, alifuata nyaya, aliunga na kupima, kisha akapima tena. Kila nyumba binti aliletwa, akashika, akawa salama, na baba mtu akakusanya vifaa vyake kwenda nyumba inayofuata. Viganja vya binti vilianza kupoa. Mama yake alimsikia akitaja jina lake mwenyewe usingizini, akalia kwa furaha.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja aliyetoka kubandika vigae jikoni. Fundi alimweleza kwamba lazima avunje ukuta. Mwenye nyumba akagoma, akasema azime umeme wa nyumba nzima akitaka ila asimgusie kigae hata kimoja. Mtu mwenye akili angemsihi. Chapchap alichoka, mwili na roho. Akaipima friji kwa testa, akaikuta haivuji umeme hata kidogo, akafunga kifuniko, akakipangusa kwa leso.

Binti akaletwa na mama yake. Akavua viatu.

"Umemaliza?" jini aliuliza.

"Nimemaliza. Friji ni nzima, nimeipima."

"Ilikuwa nzima asubuhi. Ule waya ni wa siku mbaya, fundi, na siku mbaya nimekuja nayo mimi. Mwambie mwanao ashike."

Friji ikaguna. Vinyweleo vikasimama mikononi mwa wote waliokuwa jikoni, na binti akauinua mkono unaodondosha maji, taratibu, bila haraka yoyote, na fundi akafumbua kinywa aseme kweli, aseme sikuunga, lakini mkono ule ulikuwa umebakiza shubiri moja tu, basi akajirusha kati, akamsukuma mwanawe kwa bega, na ili asianguke akaishika friji yeye, kwa mikono miwili, nayo haikumwachia.

Mama mtu alikimbilia mein-swichi, ile inayokata umeme wa nyumba nzima, akaibana chini. Alikuwa amechelewa.

Kwa mdomo wa binti jini alimgeukia mwenye nyumba, aliyekuwa ameganda mlangoni. "Kwa huyu nimemaliza," akasema. "Nimebakiwa na wewe."

Kisha binti akafumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa yake. Akaomba maji. Halafu akamwona baba yake chini, akatambaa hadi kwake, akaanza kumwita.

Nyuma yao friji ikaanza kunguruma, taa yake ya ndani ikawaka kupitia ufa wa mlango. Mama mtu alikuwa bado ameibana mein-swichi chini kwa mikono yote miwili.