Saa ya Kijapani ya Papa Adalbert

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya mchana, Syntiche alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akampelekea Papa yake chai ufukoni mwa ziwa. Nyumba yao ilikuwa karibu na daraja la mto Lukuga, mjini Kalemie, na kutoka hapo hadi ufukoni hapakuwa mbali. Chai ilifika ikiwa bado moto, isipokuwa siku ambazo Syntiche alikutana na marafiki njiani. Siku hizo ilifika baridi, na Papa aliinywa hivyo hivyo, akimtazama binti yake.

Papa Adalbert alikuwa nahodha wa boti la mbao la Mama Blandine, mfanyabiashara wa mjini. Watu wa ufukoni walimjua kwa mambo mawili: hakumsubiri abiria aliyechelewa, hata awe mkubwa wa serikali, na mkononi alivaa saa ambayo wengine wangeificha.

Saa hiyo ilitengenezwa Japani. Mama Blandine, kwa kumshukuru kwa miaka aliyoendesha boti bila ajali, alimpeleka katika duka la saa kule Kigoma, ng'ambo ya ziwa, Tanzania, na kumwambia achague anayoitaka. Muuzaji akamsogezea za rangi ya dhahabu zinazong'aa kama kengele. Papa akazipita zote. Akachagua moja ya chuma, yenye uso mweupe na mishale myembamba, isiyopiga kelele. Muuzaji alipotaja bei, Mama Blandine alikohoa mpaka akaletewa maji. Lakini alikuwa ameshaahidi, akalipa.

Nyumbani, Mama Générose, mama yake Syntiche, aliikodolea macho saa ile.

“Papa Syntiche, hii tutaiweka katika sanduku. Ni ya misa na ya harusi.”

“Hapana,” alisema Papa. “Niliichagua ya kazi. Nitaivaa kila siku.”

“Na mafuta ya injini? Na maji?”

“Haiogopi maji. Mama Syntiche, simu, kule ziwani, inaniyumbisha. Ikishika mtandao wa Tanzania, inaruka mbele saa moja. Ikishika wa Kongo, inarudi nyuma. Miye nina bantu katika boti, abiria na mabaharia. Nataka kitu kimoja chenye sitakuwa na mashaka nacho.”

Tangu hapo hakuivua ila kwa kuifuta kwa kitambaa. Wenzake walimcheka kwamba mikono imejaa grisi na saa ni ya waziri. Papa alicheka pamoja nao, kisha akaitazama saa yake na kuwaambia wapakie mizigo.

Siku moja, kesho yake ikiwa ni safari ya Kigoma, Syntiche alimkuta Papa ameingiza mikono ndani ya injini hadi viwiko. Hata yeye hakuweza kuivaa saa katika hali ile. Aliifungua mkanda kwa vidole viwili visafi.

“Peleka nyumbani, umupe Mama yako. Ishike kwa mukono, usiitie katika mufuko.”

“Ndiyo, Papa.”

Syntiche aliishika kwa mkono mpaka alipopita kona. Halafu aliivaa. Mkanda ulikuwa mpana, ikabidi aisukume juu ya kiwiko, na akaona inampendeza. Mama alikuwa bado sokoni, kengele ya shule ilikuwa karibu kulia, na Syntiche akajiambia kwamba ataipeleka jioni. Uongo wa namna hiyo, unaojiambia mwenyewe, ni mwepesi sana.

Darasani, wenzake walimzunguka. Rosine, anayekaa naye dawati moja, aliomba kuigusa tu. Lakini Emmanuella, ambaye hapitwi na kitu, aliinama akaisoma, na hapo hapo kengele ya kuanza masomo ikalia.

“Lakini iko mbele saa nzima!” alipiga kelele Emmanuella. “Oneni! Saa ya Japani yote hiyo, na haijui saa!”

Darasa zima likacheka. Syntiche aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kisha hofu ikaishinda aibu: alikumbuka kwamba alipokuwa akiketi, saa iligonga ukingo wa dawati. Nimeiharibu, alifikiri. Nimeiharibu saa ya Papa.

Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya darasa. Akavuta kifundo kidogo cha pembeni, akakizungusha polepole. Mishale ilirudi nyuma, ikarudi, mpaka ikalingana na saa ya mwalimu iliyotundikwa ukutani, aliyoichungulia dirishani. Akakisukuma kifundo mahali pake. Saa ikaendelea kutembea vizuri kabisa. Syntiche alipumua. Jioni aliiweka mezani juu ya kitambaa chake, na Papa aliporudi amechoka, aliivaa bila kuitazama mara mbili, akala, akalala. Nani anaikagua saa inayotembea?

Kesho yake Kalemie iliamka ndani ya ukungu. Moshi wa mashamba yaliyochomwa milimani ulikuwa umeshuka ukachanganyika nao, na jua halikuonekana. Papa alikuwa ameondoka alfajiri na chupa yake ya chai. Mama Générose alikuwa mlangoni akikaanga mikate ya kuuza. Ghafla akaacha kugeuza.

“Syntiche, umesikia injini ya boti?”

“Hapana, Mama.”

“Kengele ya misa ilishalia zamani. Papa yako alisema wataondoka saa mbili ya Kigoma. Mbona hawajaondoka?”

Alichukua simu, akapiga. Ya Papa ilikuwa imezimwa. Siku za safari huifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

“Saa mbili ya Kigoma ni kusema nini, Mama?” aliuliza Syntiche.

“Kigoma iko mbele yetu saa moja. Hapa ikiwa saa moja, kule ni saa mbili. Tangu Mama Blandine amutume njia ya Kigoma, Papa yako aligeuza saa yake, anafuata saa ya kule. Maofisa ya bandari ya kule wanafungua na kufunga kwa saa yao, si kwa yetu.”

Syntiche akaelewa. Saa haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa sahihi, na yeye ndiye aliyeiharibu.

Angeweza kunyamaza. Boti litaondoka tu, Papa atagundua huko huko, atadhani aliigusa mwenyewe bila kujua. Alijaribu kuipima njia hiyo kidogo.

“Mama, wakichelewa saa moja kuna kitu gani?”

“Kuna upepo,” Mama alijibu, macho yakiwa ziwani. “Katika mwezi huu upepo unaamka mchana, na ukiamka hautanii. Kapiteni anatoka mapema ili akute pwani ya ng'ambo mbele ya upepo kuamka. Papa ya Rosine alichelewa kidogo tu, ziwa likamubeba, weye unajua.”

Syntiche alijua. Alikuwa ameketi kando ya Rosine siku ambayo mwalimu mkuu alikuja kumwita mlangoni.

“Mama, ni miye!” Maneno yalimtoka pamoja na machozi. “Niliivaa saa shuleni. Niliona iko mbele, nikairudisha. Papa hajui!”

Mama hakumpiga, hakufoka. Alilisukuma karai kando ya moto.

“Kimbia,” alisema. “Kimbia, miguu yako ni mizuri kuliko yangu!”

Syntiche alikimbia. Alipita wachuuzi wa dagaa bila kuwasalimia, akaangusha kindoo cha mtu, hakugeuka. Alipofika ufukoni, boti lilikuwa limejaa watu na magunia, kamba imekwisha kufunguliwa, na mabaharia wakilisukuma kwa miti. Injini ilikuwa ikinguruma.

“Papa! Papa, ngoja!”

Hakuna aliyesikia. Aliingia majini na nguo zake, magotini, kiunoni, kifuani, akaikamata ncha ya kamba iliyokuwa ikiburutwa. Mwanamke mmoja ndani ya boti akapiga ukelele. Papa akageuka, akamwona, akaizima injini.

Abiria wote walimtazama.

“Syntiche! Unatafuta nini katika maji?”

“Papa, hiyo saa si ya Kigoma. Ni ya hapa. Niliivaa jana shuleni, wakanicheka, nikafikiri nimeiharibu, nikaigeuza. Pardon, Papa. Umechelewa saa moja.”

Papa Adalbert aliitazama saa kwenye mkono wake muda mrefu. Kisha akaangalia juu, pale jua lilipopaswa kuwa.

Mfanyabiashara mmoja aitwaye Blanchard, aliyekalia magunia yake, akasimama. “Bon, Kapiteni, saa moja ni kitu gani? Ziwa limetulia kama maji ya beseni. Tuende! Mutoto hawezi kutupotezea siku.”

“Tuende!” wengine wakaitikia.

Mkono wa Papa ulikuwa bado juu ya kamba ya kuwashia injini. Syntiche aliutazama ule mkono na saa iliyong'aa juu yake. Vidole vikakaza. Kisha vikaachia.

“Hatuendi,” alisema Papa. “Tutaenda kesho.”

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika hadi sokoni. Blanchard aliapa kwamba atatafuta boti lingine. Papa akamjibu kwa upole kwamba magunia ni yake, abebe. Boti lingine halikuwepo, kwa hiyo akakaa juu ya mzigo wake mchangani, akinung'unika. Ukungu ukaondoka. Jua likatoka, ziwa likalala kimya, zuri, na kila aliyempita Syntiche alimtupia jicho. Mama alikuja na nguo kavu. Syntiche alitamani ardhi impasukie. Aliomba upepo uje, kisha akaogopa ombi lake mwenyewe.

Ulikuja mchana. Kwanza mstari mweusi ulitokea mbali juu ya maji. Halafu mawimbi yakaanza kupiga, makubwa, yakirusha povu hadi kwenye magunia, na mabaharia wakakimbilia kulivuta boti juu zaidi. Katikati ya ziwa kulikuwa kweupe kote. Blanchard aliangalia maji, akafuta uso, kisha akasogea kwenye mzigo wake.

“Mutoto akuje akae hapa,” alisema. “Huku hakuna upepo sana.”

Syntiche na Mama walipoketi, Papa alikuja akachuchumaa mbele yao.

“Syntiche, ungevunja kioo, ningelia kidogo, halafu ningeipeleka kwa fundi. Kitu kikivunjika, kila muntu anaona. Weye uliitengeneza kwa siri. Ikabaki nzuri, inatembea, na miye nikaiamini na bantu hawa wote. Ile siri ndiyo ilitaka kutuua. Ukigusa kitu cha kazi ya muntu, umwambie siku ile ile, hata kama utapigwa. Leo ulisema mbele ya bantu wote, na tuko hapa. Kwa kuivaa bila ruhusa, utaosha boti mwezi muzima.”

“Ndiyo, Papa.”

“Na weye, Papa Syntiche,” aliingilia Mama, “saa ya bei vile, lakini jua haukulitafuta?”

Abiria wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Papa alikuna kichwa.

“Jua lilikuwa katika ukungu, na miye nilikuwa katika saa. Kosa langu hilo.”

Asubuhi iliyofuata, Syntiche alikwenda ufukoni na Papa yake. Boti lilikuwa tayari, Blanchard akiwa wa kwanza ndani. Papa aliivua saa, akamwekea binti yake kiganjani mbele ya watu wote.

“Soma.”

“Saa mbili kasoro dakika kumi.”

“Ya wapi?”

“Ya Kigoma, Papa.”

“Kuna kitu uligusa?”

“Hakuna, Papa.”

Papa Adalbert aliivaa saa yake bila kuitazama, akaivuta kamba ya injini.