Mwanga Ndani ya Jino

Mtaa mzima ulivaa kazi ya mikono ya mama mmoja, fundi cherehani. Mkasi alikuwa nao, lakini ulilala tu mezani. Uzi aliukata kwa jino la pembeni, kap! Hata ule mnene wa kushonea mabegi.

"Huu ndio mkasi usionolewa," alitamba akigonga shavu.

Kisha maumivu yakaanza. Yalikuja kwa ghafla yakitoboa, yakatoweka. Aling'oa jino alilodhani ndilo, maumivu yakabaki palepale.

"Leo nang'oa na la jirani yake," alimwambia mumewe.

"Mama watoto, utang'oa mangapi? Tutakusagia hata wali?"

Wakaenda wote kwa daktari wa meno. Daktari alichungulia, hakuona tundu. Picha ya eksirei nayo haikuonyesha kitu.

"Ng'oa tu, daktari. Nimechoka."

"Pole, mama. Tukibahatisha, tutang'oa tena lisilo na kosa. Uma kijiti hiki. Kaza. Haya, achia."

Wakapima jino moja baada ya jingine. Mara fundi akaruka kitini.

"Limeuma ulipokaza au ulipoachia?"

"Nilipoachia!"

"Basi huenda lina ufa."

Daktari alizima taa, akagusisha tochi nyembamba ubavuni mwa jino, akampa fundi kioo. Fundi akaduwaa. Nusu ya jino iling'aa kwa ndani kama taa ya chemli. Nusu ya pili ilikuwa giza. Katikati ulipita mstari, mwembamba kuliko uzi wake wowote. Mwanga ulifika hapo ukakoma.

Mumewe naye akainama kuchungulia.

"Jamani," fundi alinong'ona. "Kumbe ndani kuko hivi!"

"Ukiuma, ufa unafunguka kidogo. Ukiachia, unajifunga, ndipo jino linaposhtuka. Unakata nini kwa meno yako?"

Fundi alitazama kipande cha uzi kilichonasa kwenye gauni lake. Aibu ikamjaa.

"Utaling'oa?" aliuliza kwa hofu.

"Hapana. Ufa haujafika kwenye mzizi. Tutalivika kofia ngumu lishikane. Ungeendelea kukata nyuzi, lingepasuka kabisa."

Jino likavikwa kofia. Fundi akarudi kutafuna pande zote mbili.

Siku moja mteja alimnyooshea begi. "Fundi, nikatie huu uzi upesi."

Mdomo ulifunguka wenyewe. Ulimi ukagusa pengo la lile jino lililong'olewa bure. Fundi akafunga mdomo, akachukua mkasi.