Ni Hapo Tu

Jumamosi ni siku ya kuchuma majani ya chai. Chepkirui, msichana wa miaka kumi na mitatu, alilijua hilo tangu alipoweza kubeba kikapu. Aliamka saa kumi na mbili, akavaa gambuti, akajifunga karatasi ya nailoni kiunoni ili umande usimloweshe, kisha akamfuata mama yake, Janefer, shambani. Walichuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka mgongo ukaanza kulalamika. Walipokwisha kupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, Chepkirui alitumwa njia panda kununua sukari.

Kijiji chao kiko upande wa Roret, mahali ambapo barabara ya vumbi inapinda katikati ya mashamba ya chai. Wageni hupita pale wakielekea Kapsoiyot, mji mdogo ulio kando ya ziwa, katikati ya vilima, wenye hoteli tatu na kambi ya mahema. Wengi hupita ndani ya magari, vioo vimefungwa. Ndiyo maana, pale njia panda, Chepkirui alishangaa kumwona mwanamke akija kwa miguu, peke yake, na mgongoni begi refu lililomzidi kichwa.

“Chamgei!” mwanamke alimsalimu kwa Kikipsigis, kwa lafudhi iliyomfanya Chepkirui aume midomo asicheke. “Naitwa Wacera. Nimetoka Nakuru.”

“Karibu, Anti. Uko na nani?”

“Niko peke yangu.”

“Sasa unaenda kwa nani?”

“Siendi kwa mtu. Natembea tu, nione ziwa.”

Jibu hilo lilikuwa geni kwa Chepkirui. Katika ukoo wao wote hakuna aliyewahi kwenda safari bila kutumwa, kualikwa au kufukuzwa.

Wacera alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya vilima vya Bomet. “Kapsoiyot ni mbali? Nataka nifike kabla ya mvua.”

Chepkirui alijua. Mwezi wa nne baba yake alikuwa amempeleka huko kwa pikipiki, kwenye harusi ya mjomba, na walichukua karibu saa nzima. Kwa miguu, na mzigo kama ule, ilikuwa safari ya saa nne. Wakati huo ilikuwa saa nane, na mvua ya vilima vile ikishazoea kuja saa kumi, haikosi.

“Si mbali, Anti,” alisema. “Ni hapo tu, ukipita ile kona.”

“Nitafika kabla ya mvua?”

“Utafika.”

Hakusema hivyo kwa hila. Kwao, kumwambia msafiri kwamba bado ana safari ndefu huonekana ni roho mbaya, sawa na kumnyima chai. Mgeni hupewa moyo. Habari za umbali atazipata kwa miguu yake mwenyewe. Wacera alishukuru, akakaza mikanda ya begi na kushika njia, naye Chepkirui akarudi nyumbani na sukari yake, ameridhika kwamba amekuwa na adabu.

Saa kumi haijafika, mvua ya mawe ilianza kupiga mabati. Ilipiga kwa nguvu hata watu ndani ya nyumba wakawa wanaongea kwa ishara. Baba yake, Hezekiah, alisimama mlangoni akitazama chai yake ikichanwachanwa. Chepkirui naye alitazama nje, lakini hakuiona chai. Akilini alimwona Wacera barabarani, peke yake.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyewasikia pale njia panda, na mgeni hakujua hata jina lake. Alijaribu kunyamaza kweli, akahesabu vikombe kabatini, akavihesabu tena. Mvua ilipopungua kidogo, alishindwa.

“Baba, kuna mgeni huko njiani anaenda Kapsoiyot kwa miguu. Nilimwambia ni hapo tu.”

“Si kila mtu husema hivyo?” Janefer alimtetea. “Ulitaka umvunje moyo?”

“Aliniuliza kama atafika kabla ya mvua, Mama. Nikamwambia atafika, na nilijua hawezi.”

Hezekiah hakumgombeza. Alichukua kabuti lake msumarini, akatoka na kuwasha pikipiki. “Panda,” alisema. “Wewe ndiwe unayemjua.”

Barabara ilikuwa matope matupu, na kingoni mawe ya mvua yalikuwa bado meupe. Kwenye duka la mbele waliuliza kama mwanamke mwenye begi amepita.

“Amepita,” mwenye duka alijibu. “Aliniuliza Kapsoiyot, nikamwambia ni hapo tu.”

Hezekiah alicheka kidogo. Mbele walimkuta mzee akirudisha ng’ombe wake. Naye alikuwa amemwona mgeni, na naye alikuwa amemwambia ni hapo tu, ng’ambo ya kilima. Safari hii Hezekiah hakucheka. Kwenye kituo cha bodaboda vijana wawili walikuwa wamejikunyata chini ya mwavuli mmoja.

“Tulitaka kumbeba,” mmoja wao alisema, “lakini alipouliza umbali tukamwambia ni hapo mbele tu. Akasema basi kama ni hapo tu, atatembea.”

“Mlijinyima abiria wenyewe!” Hezekiah aliwaambia, akaongeza mwendo.

Nyumba ya mwisho kabla ya mashamba makubwa si nyumba hasa. Ni kituo kingine cha majani, paa juu ya nguzo. Chini yake alikuwa ameketi Mama Bitutu, mwanamke mzee anayeleta ndizi kutoka Chepilat.

“Nilimwita mimi,” alisema kabla hata hawajazima pikipiki. “Nilimwambia, mwanangu, ingia hapa, huko mbele hakuna nyumba, ni chai tupu, na Kapsoiyot bado ni mbali sana. Akaniambia, ‘Asante, Mama, lakini nimeuliza mara nne, na mara zote nimeambiwa ni hapo tu.’ Akaanza kukimbia.”

Chepkirui alitazama chini. Katika mara hizo nne, ya kwanza ilikuwa yake. Mtu mmoja alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ikashindwa na uongo wa watu wenye adabu. Aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake.

Walimpata kilomita mbili mbele. Alikuwa ameketi kati ya mistari ya chai, begi kichwani, mikono imevimba kwa kupigwa na mawe. Alitetemeka kwa baridi. Alikuwa ameteleza akikimbia, na kifundo cha mguu kilikuwa kimefura. Hezekiah alimvika kabuti, wakampandisha katikati, begi likawekwa juu ya tangi, na polepole wakarudi.

Nyumbani Janefer alimbadilisha nguo, akamfunika mablanketi mawili na kumpa chai ya maziwa, kikombe baada ya kikombe. Midomo yake ilipopata rangi, Chepkirui alisogea karibu.

“Anti, mimi ndiye uliyeniuliza njia panda. Nilijua ni mbali. Nilikudanganya. Nisamehe.”

Wacera alijivutia blanketi mabegani. “Ungeniambia, ningelala huku Roret, au ningepanda boda,” alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. “Nimeingoja safari hii mwaka mzima.” Kisha akawageukia wote. “Lakini kesho nitaweza kuendelea, ama?”

Janefer alifungua kinywa, na Chepkirui alijua kabisa neno gani lilikuwa linakuja. Akamtangulia mama yake.

“Hapana, Anti. Mguu umefura sana. Kesho ni kwenda hospitali Bomet. Ziwa hutaliona safari hii.”

Wacera alifuta machozi kwa pembe ya leso. Lilikuwa jambo gumu kulisikia, na Chepkirui aliumia kuwa yeye ndiye aliyelisema. Lakini baada ya muda Wacera aliomba simu yake, akampigia kaka yake Nakuru, wakapatana wakutane Bomet asubuhi. Alipomaliza, alimshika Chepkirui mkono. “Asante,” alisema. “Sasa najua nipange nini.”

Hezekiah alikuwa ameketi karibu na moto. Sasa aliweka kikombe chake chini.

“Chepkirui, neno hilo la ‘ni hapo tu’ hukufundishwa shuleni,” alisema. “Ulilisikia kwangu, nami nililisikia kwa baba yangu. Tuliona ni wema. Lakini mtu asiyeijua nchi hupanga siku yake kwa maneno yetu, atapumzika wapi, atajikinga wapi na mvua. Leo tumemfanya huyu apite paa la mwisho akikimbia. Kuanzia sasa, mtu akiuliza njia katika boma hili, ataambiwa urefu wake wote. Na kama unamhurumia, usimfupishie njia. Mkaribishe ndani.”