Intaneti Yangu, Matusi ya Mwingine

Nina miaka hamsini na mbili, ni mjane, na nina nyumba ya kupangisha hapa mtaani Birere. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sioni haya kuyasema!

Niliingiza intaneti ili niongee na watoto wangu walio mbali. Wapangaji wangu watatu nikawapa neno la siri bure... ndiyo, nilipenda kushukuriwa. Kati yao, aliyekuwa karibu nami zaidi ni Mama Nadine, aliyelala chini pamoja nami siku zote za matanga ya mume wangu.

Kisha ikatokea akaunti isiyo na jina, ikawa inamtukana mke wa pasta wetu. Mtu mmoja anayejua kompyuta akafuatilia, akasema matusi yanatoka kwenye intaneti ya nyumba yangu. Jumapili ile, kwenye maikrofoni, mbele ya kanisa zima, nikavuliwa uongozi wa kwaya niliyoiongoza miaka kumi na minne!

Mzee wa kanisa akaja kunishauri.

"Mama Espérance, omba tu musamaha, biishe."

"Siwezi kuomba musamaha ya kosa yenye sikufanya," nikamjibu.

Nikamkabidhi simu yangu akae nayo, ili ajue si mimi ninayetukana. Mbele yake nikabadilisha neno la siri, nisimpe mtu, na matusi yakakoma... Kisha nikawapa wapangaji intaneti kwa zamu, mmoja kila juma na kila mmoja neno jipya, na kila mara mzee alijua ni zamu ya nani. Juma la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu likawa la Mama Nadine. Siku ya pili tu, matusi yakarudi!

Nililia. Tulipomwendea na mzee, hakukana.

"Kila siku ulikuwa unatukumbusha connexion ya intaneti ni yako," akaniambia. "Nikasema basi, na matusi ikuwe yako."

Iliniuma, maana majivuno hayo nilikuwa nayo kweli. Lakini je, ndiyo sababu ya kunizika nikiwa hai?

Mzee akalieleza kanisa, nalo likaniita nirudi kwenye kwaya kimyakimya. Nikakataa! Nilichafuliwa kwenye maikrofoni, nitasafishwa kwenye maikrofoni. Jumapili tatu nikaketi benchi la mwisho, kichwa juu, mpaka pasta akasimama, akanitaja jina, akaomba radhi.

Wenye nyumba wenzangu, msigawe neno moja la siri kwa nyumba nzima... Kila mpangaji apewe lake, ajibu mwenyewe anachokifanya. Na wewe uliyesingiziwa, tafadhali, usipige magoti ili tu yaishe!

Mama Nadine amehama. Siku ile pasta alipomaliza kusema, nilitoka benchi la mwisho nikatembea taratibu mpaka mbele, nikaanzisha wimbo.