Mashine Iliyosoma Mizizi ya Nywele

Mikono sita ya mashine iitwayo Mpanzi, myembamba kama sindano, ilichomoa mizizi ya nywele kisogoni mwa Eliwaza Mahimbo, mmoja baada ya mwingine, na kuilaza kwenye maji baridi. Ilikuwa Dodoma, mwaka 2081, na hakukuwa na kliniki nyingine mjini iliyowapandikizia wanawake nywele kwa mashine.

Mhandisi Nyemo Chilongani, aliyeibuni, alizoea kuwaeleza wagonjwa kwa nini mashine za zamani ziliwashindwa wanawake. Mwanamume mwenye upara kwa kawaida hubakiwa na nywele imara kisogoni. Wanawake wengi nywele zao hupungua kichwa kizima, na mzizi dhaifu ukihamishwa hufa. Ndiyo maana aliiwekea Mpanzi kisomamizizi, jicho linalochagua mizizi yenye nguvu tu. Kwa kutazama makovu yaliyo chini ya ngozi, jicho hilo lilijua pia nywele zilianza kufa lini na kwa sababu gani. Nyemo akaipa na sauti, kwa kuwa aliamini mgonjwa ana haki ya kujua.

Eliwaza alikuwa mwalimu wa miaka thelathini na mitatu. Kwa miaka saba hakuwahi kusimama mbele ya darasa bila kilemba. Mama yake, Bi. Stefania, msusi anayejulikana mtaa mzima wa Majengo, alikuwa ameketi kando ya kiti. Asubuhi ile alikuwa amerudia tena kwamba kosa lilikuwa la dawa za kulainisha nywele alizopaka binti yake alipokuwa chuoni.

Mpanzi ilichomoa mizizi elfu moja na mia moja, ikaanza kuipanda juu ya paji. Ilipofika nusu ikasema kwa sauti tulivu: "Mizizi ya mbele ilikufa kwa kuvutwa. Ilianza kuvutwa mgonjwa akiwa na miaka minne, hadi kumi na miwili. Hakuna dalili ya dawa."

Miaka yote hiyo Eliwaza alisukwa na mtu mmoja tu. Bi. Stefania alisimama, akatoka.

"Isimamishe," Eliwaza alisema.

Nyemo akamweleza kwamba mizizi iliyobaki haidumu majini zaidi ya saa mbili, na kisogoni hakukuwa na akiba nyingine.

"Nimekusikia, dada. Isimamishe."

Alimkuta mama yake kwenye benchi la ukumbini, akitazama viganja vyake.

"Nilikuwa nabana ili zikae wiki tatu," mama alisema. "Ulikuwa unalia. Nikawa nakupiga begani kwa kitana, nikikuambia utulie."

"Nakumbuka, mama."

Hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Alikaa naye tu. Walizungumza mambo ambayo walikuwa hawajawahi kuyagusa, na waliporudi ndani saa mbili zilikuwa zimekaribia kwisha. Theluthi ya mizizi iliyokuwa majini ilikuwa imekufa. Nyemo akapanda iliyosalia. Hadi leo nywele za Eliwaza ni nyepesi upande wa kushoto, naye hufundisha bila kilemba.

Nyemo alitaka kuinyamazisha kabisa mashine yake. Mwishowe akaibadilisha: kabla ya kusema lolote, imuulize mgonjwa kama anataka kujua, na mgonjwa amtaje mtu anayemtaka asikie pamoja naye. Ilimuuma kwamba swali dogo kama hilo halikumjia akilini kwa miaka yote ya kuijenga.

Miezi mitatu baadaye Bi. Stefania alikuja kliniki bila binti yake. Alikuwa amemshika mkono mwanamke wa makamo aliyejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi.

"Huyu nilimsuka tangu yuko darasa la kwanza," alimwambia Nyemo. "Anadhani upara huu ameurithi kwao. Nimemwomba niwepo mkimsomea mizizi, na amekubali."

Akavuta kiti, akaketi mahali ambapo yule mwanamke angeweza kumwona usoni.