Herufi Alizozikariri Mukashema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mukashema alimsaidia mama yake kuanika kahawa uani kwao Igurwa, Karagwe. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na kazi yake ilikuwa kuondoa punje mbovu. Mara nyingi kidole chake kiligusa turubai badala ya punje, na akimimina chai, nyingine ilimwagika kando ya kikombe. Mama alimwambia aache pupa. Mukashema alijua si pupa. Akifumba jicho la kulia, kila kitu kilikuwa ukungu mtupu. Hakumwambia mtu, maana aliogopa kuitwa chongo.

Siku moja wapimaji wa macho walifika shuleni. Walitundika ubao wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huko, na kila mwanafunzi alionyesha kwa vidole upande ambao herufi imeelekea. Mukashema, kwa ujanja wake, alisimama nyuma ya rafiki yake Noela na kukariri: juu, kulia, chini, chini, kushoto. Zamu yake ilipofika, akafunikwa jicho la kulia na kuonyesha vidole bila kukosea hata mara moja. Akaandikwa kuwa hana tatizo.

Furaha yake haikufika hata darasani. Alipopita dirishani alimsikia Daktari Kokubanza, kiongozi wa wapimaji, akimweleza mzazi mmoja kwamba jicho vivu, yaani lile linaloona hafifu kuliko mwenzake, likiachwa mpaka mtoto akue, ubongo huzoea kulipuuza, na kulirudisha huwa kazi ngumu. Mwalimu Mwesiga alifundisha hesabu, yeye hakusikia neno. Je, wapimaji wasiporudi tena? Aliposikia gari lao likiwashwa, hakuomba hata ruhusa. Alitoka mbio.

“Shikamoo, daktari. Nilidanganya,” alisema huku akilia. “Nilikariri. Jicho la kushoto halioni hata herufi moja.”

Daktari alimwambia dereva azime gari. Akaugeuza ubao juu chini, akamfunika tena jicho la kulia, na Mukashema akakwama mstari wa kwanza. Baba yake, mzee Leonidas, aliitwa kutoka shambani. Alifika na tope miguuni, akauliza kwa hofu kama jicho limekufa.

“Halijakufa, baba Mukashema,” daktari alimjibu. “Ubongo ndio umeacha kulisikiliza. Ni kama mwalimu anayemuuliza kila siku mwanafunzi mmoja tu, yule mwepesi wa kujibu. Mwisho yule mwingine ananyamaza kabisa. Sasa tutamfunika huyo mwepesi, ili mwenzake naye aulizwe.”

Mukashema alipewa miwani, na kibandiko cha kufunika jicho la kulia kwa muda wa saa mbili kila siku. Wiki za kwanza alijikwaa, wenzake wakamcheka, naye akalia sana. Hakuacha. Miezi minne baadaye, daktari alipompima tena, alisoma mistari minne kwa jicho la kushoto, na safari hii hakukariri chochote.

Jioni hiyo baba alimtazama akichambua kahawa, punje moja baada ya nyingine.

“Mwanangu,” akasema, “daktari angeondoka na karatasi yake inayosema huna tatizo, wewe ungebaki na giza lako. Ukiulizwa habari za mwili wako, sema kweli mapema. Aibu hupita, lakini jicho likishapotea, hakuna wa kukurudishia.”